Jumba la 1906, mashine ya baa na ogani iliyong'olewa: tajiri anunue nini?

Swali limetoka kwa dada Mkenya anayesimamia jumba la kihistoria kwenye vilima vya Berkshire, magharibi mwa jimbo la Massachusetts. Jumba lilijengwa 1906. Tajiri wake amelinunua karibuni na anataka lirudi kuwa kama lilivyokuwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, muziki ukiwemo. Sebuleni kuna piano ya Steinway ya miaka ya 1890. Kando ya ngazi kuu kuna chumba kitupu kilichozibwa kwa mbao za nakshi, na wenyeji wanasema palikuwa na ogani. Tajiri ameona mnadani mashine kubwa inayojipigia muziki, yenye vioo vya rangi, ngoma, matoazi na marimba, na anaitaka kwa ajili ya ukumbi wa mbele. Anataka pia "muziki wa enzi zile usiokatika" kwenye karamu zake. Dada anauliza amshauri nini, na mwisho kabisa anauliza kama taarabu inaweza kuingia humo.

Dada yangu, nianze na ile mashine ya mnadani kwa sababu ndiyo yenye haraka. Mwambie tajiri asiinue mkono. Mashine si mbaya. Nimefungua nyingi za aina hiyo, na hadi leo ngoma yake ikianza kudunda nacheka peke yangu. Shida ni mahali ilikotoka. Kwenye picha ulizonitumia, pembeni ya mlango wa mbele kuna tundu la kutumbukizia sarafu. Hiyo ni mashine ya baa. Kampuni kama Seeburg ya Chicago na Wurlitzer ziliwauzia wenye vilabu vya pombe na kumbi za starehe. Mteja alitumbukiza senti tano, mashine ikapiga wimbo mmoja ikanyamaza. Roli yake ya karatasi kwa kawaida ina nyimbo 10. Ikifika mwisho inajirudisha na kuanza upya zile zile. Sauti yake ilikusudiwa kushinda kelele za walevi. Ukiiweka kwenye ukumbi wa sakafu ya marumaru na dari ndefu, wageni watahamia bustanini kabla ya wimbo wa tatu.

Kuna na la pesa. Mashine hizi zilipoanza kupendwa na wakusanyaji, mafundi wengi walijenga mpya kwa sura ya zamani, au walichukua piano ya kawaida ya mashine wakaiongezea ngoma na vioo. Si utapeli kila mara, nyingi ziliuzwa waziwazi kuwa ni mpya. Lakini kitu kikishapita mikono mitatu minne, maelezo hubaki njiani na bei husonga mbele. Kama tajiri bado inamuwasha, basi fundi asiye na maslahi na mnada huo aende afungue mlango wa chini na tochi. Atafute matundu ya skrubu yasiyo na kazi, mbao za rangi mbili zilizounganishwa, mabano mapya yaliyopakwa rangi ya kuzeesha. Dakika ishirini zinatosha kujua.

Ila usimwambie kwamba matajiri wa enzi zile hawakuwa na okestra za mashine, maana atakutajia Henry Clay Frick na utakosa la kujibu. Frick, aliyetajirikia makaa ya koki na chuma cha pua, aliweka nyumbani kwake Clayton, mjini Pittsburgh, okestrioni ya Welte, na bado iko pale. Welte walikuwa mafundi wa Freiburg, Ujerumani. Mwanzo okestrioni zao zilisomeshwa na silinda za mbao zilizopigiliwa pini, na mwenye kutaka muziki zaidi alilazimika kununua silinda zaidi. Mnamo 1883 wakaja na roli ya karatasi yenye matundu, na hapo ndipo biashara ilipobadilika: karatasi ni nyepesi, rahisi, na haina mwisho. Okestrioni ya Welte ina mabomba ya ogani yaliyopangwa kuiga filimbi, tarumbeta na vinanda, imejengwa kwa ajili ya nyumba, na muziki wake ni wa opera na okestra. Si ndugu wa ile ya tundu la sarafu, ingawa kwa mbali zinafanana.

Sasa tazama alichofanya mtu huyo huyo baadaye. Jumba lake la New York, kwenye Fifth Avenue, lililokamilika 1914, aliliwekea ogani ya kampuni ya Aeolian, mabomba yakifichwa nyuma ya kiambaza cha nakshi kwenye ngazi kuu. Kufikia miaka ya 1900 huo ndio ulikuwa mtindo wa wenye nazo. Jumba lenu ni la 1906 na lina chumba kitupu kando ya ngazi. Nyumba yenyewe imekwisha kujibu nusu ya swali la tajiri wako.

Kwa hiyo ushauri wangu, kabla ya kutaja mashine yoyote, ni kwamba mfuate mambo matatu kwa utaratibu huu: nyumba ilisikia nini na katika chumba gani, muziki gani wa kipindi hicho unapatikana hadi leo kwenye roli au sahani, ndipo mtafute mashine ya kuupiga. Wengi wanaenda kinyume. Wananunua mashine kwa sura, halafu wanagundua kwamba roli zake zilizosalia ni chache na zimechanika.

Anza na kile chumba. Ingia na taa kali na mtu wa kuchukua picha. Angalia sakafu kama ina alama za mraba au mistari ya mbao zilizokaa muda mrefu, maana kasha za upepo zinazobeba mabomba ni nzito na huacha kovu. Tafuta tundu kubwa sakafuni au ukutani, upana wa mapaja mawili hivi, ambako mrija wa upepo ulipanda kutoka chumba cha chini. Shuka huko chini utafute jukwaa la saruji lililofungiwa mota ya feni. Waliiweka mbali makusudi ili mngurumo usifike sebuleni. Ukikuta mirija myembamba ya risasi iliyokatwa, usiitupe wala usiishike bila glovu. Hiyo ndiyo iliyobeba amri kutoka kwenye meza ya mpigaji hadi kwenye mabomba.

Halafu ingia kwenye hifadhidata ya ogani ya Organ Historical Society, utafute kwa mji na kwa jina la familia ya kwanza. Watengenezaji wa Marekani walikuwa na desturi ya kuipa kila ogani namba yake ya kazi. Ukiipata namba, mara nyingi utapata orodha ya safu za mabomba, na pengine habari ya ilikokwenda. Ogani nyingi za majumbani zilitoka baada ya mdororo wa 1929, wenye nyumba walipoanza kubana matumizi. Zilipewa makanisa, nyingine zikauzwa vipande vipande. Aeolian wenyewe hawakuhimili. 1932 idara yao ya ogani iliunganishwa na ya mshindani wao, kampuni ya Skinner, ikawa Aeolian-Skinner.

Kwa nini nasisitiza ogani hiyo na si ogani yoyote? Kwa sababu ogani ya jumba la tajiri ilikuwa kitu cha aina yake. Si ya kanisa, haikukusudiwa kuongoza umati kuimba. Si ya sinema. Sauti zake ni laini, nyingi za kuiga nyuzi na filimbi, na mabomba yamefungiwa kwenye chumba chenye vifuniko kama vya dirisha vinavyofunguka na kufunga ili sauti ikue na kufifia. Inapanda na ngazi, inaingia vyumbani bila mtu kujua imetoka wapi. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, aliiweka katika jumba lake la New York lililokamilika 1902, na akamwajiri Walter Gale aje kumpigia kila asubuhi, ndiyo ikawa saa yake ya kumwamsha. George Eastman wa Kodak, kule Rochester, alikuwa na mpigaji wa kumpigia wakati wa kifungua kinywa. Jumba lake sasa ni makumbusho na ogani ya Aeolian inasikika humo hadi leo. Mkipata nafasi ya kwenda kusikia kabla ya kununua chochote, nendeni huko kwanza. Mpeleke tajiri mwenyewe, asikie kwa masikio yake.

Sasa wale wasiokuwa na mpigaji? Hapo ndipo roli. Ogani za Aeolian za wakati wa jumba lenu zilisoma roli yenye safu mbili za matundu, 58 juu na 58 chini, jumla 116, ili kibodi mbili zipigwe kwa pamoja. Lakini zingatia hili, madalali hawalisemi: roli hizo zilipiga noti tu. Mtu alikaa pale akivuta vishikizo vya kuchagua sauti na kukanyaga pedali ya kukuza sauti, akifuata maelekezo yaliyochapwa kwenye karatasi yenyewe huku ikipita. Mwenye nyumba ambaye hakujua noti hata moja aliweza kujiona anaongoza okestra. Roli za Duo-Art zilizofanya kila kitu zenyewe zilikuja kwenye ogani mnamo 1917 hivi, nje ya kipindi chenu.

Mkikosa ogani ya awali, subirini. Ogani za Aeolian zisizo na makao huwa zinapatikana mara kwa mara, wakati mwingine kwa bei ya kuzing'oa na kuzisafirisha tu; gharama halisi iko kwenye ukarabati, maana ndani yake kuna mamia ya vifuko vidogo vya ngozi na vyote vimekwisha kukauka. Hesabu kwa miaka, si kwa miezi. Wakati mnasubiri, chumba kiachwe kitupu. Msikubali mtu awajazie ogani ya kanisa lililofungwa kwa kuwa ni ya bure, wala ya sinema. Pale kwenye kasri la Casa Loma, Toronto, wana ogani ya sinema ya Wurlitzer iliyotoka kwenye jumba la maonyesho la Shea's Hippodrome na kuwekwa pale 1974. Watalii wanaipenda, nami nilifurahi kuisikia. Ila haina uhusiano na mtu aliyejenga kasri lile, na ninyi mmesema mnataka kurudisha, si kuburudisha.

Twende kwenye Steinway. Hapa nitakuwa mkali kidogo: mtu asiiguse kwa msumeno. Atakuja fundi mwenye maneno matamu atakayependekeza kuikata chini ili aingize mitambo ya kujipigia. Piano ya miaka ya 1890 iliyoko mahali pake ina thamani yake jinsi ilivyo, na ukishakata kitanda cha funguo huna pa kurudi.

Wala hakuna haja, kwa sababu watu wa 1906 walikuwa na jibu lao. Edwin Votey alitengeneza Pianola yake ya kwanza huko Detroit mwaka 1895, na Aeolian wakaiuza kwa matangazo makubwa. Ile ya mwanzo haikukaa ndani ya piano. Ni kabati lenye magurudumu unalolisukuma hadi mbele ya piano yoyote. Kwa nyuma limetoa vidole 65 vya mbao, kila kimoja kimevalishwa kipande cha kitambaa cha sufu ili kisiumize, na vidole hivyo vinakaa juu ya funguo. Unaketi, unakanyaga pedali mbili kwa zamu, mivukuto inafyonza hewa. Karatasi inapita juu ya kipande cha shaba chenye matundu; tundu la karatasi likikutana na tundu la shaba, hewa inaingia, kifuko cha ngozi kinanyanyuka, kidole kinashuka. Mkono mmoja uko kwenye kijiti cha kasi, mwingine kwenye cha sauti. Ukikanyaga kwa pupa, muziki unakuwa wa pupa, ukitulia, unatulia. Mara ya kwanza kila mtu anapiga vibaya, ya tano anaanza kuringa.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kitu cha kwanza mnachopaswa kununua. Bei yake leo ni ndogo sana ukilinganisha na vingine nitakavyovitaja, haiharibu piano, na mgeni anaweza kushiriki. Angalia tu roli. Za noti 65 na za noti 88 zina upana ule ule, inchi 11 na robo, kwa hiyo muuzaji asiyejua atakuuzia zozote. Lakini matundu ya 65 yamepangwa 6 kwa inchi, ya 88 ni 9 kwa inchi, na haziingiliani. Watengenezaji walikubaliana vipimo hivyo kwenye mkutano wao wa Buffalo mwaka 1908, na baada ya hapo 65 ikaanza kufifia. Nunueni kabati pamoja na roli zake.

Kitu cha pili, kama mfuko wa tajiri unaruhusu na naona unaruhusu, ni Welte-Mignon. Hii ni hadithi nyingine kabisa. Mnamo 1904 Edwin Welte na Karl Bockisch walitoa mfumo uliorekodi si noti tu, bali na namna mpigaji alivyopiga: wapi alilegeza, wapi alikaza, wapi aliinua pedali. Watunzi wenyewe walirekodi: Gustav Mahler roli zake 1905, Saint-Saëns mwaka huo huo, Grieg 1906. Fikiria mnakaa sebuleni kwenye jumba la 1906 mnasikia Grieg akipiga kazi yake mwenyewe, kwenye Steinway iliyomo humo. Ndiyo, kwenye hiyo hiyo, kwa sababu Welte nao walitengeneza kabati la kusogezwa mbele ya piano; Wajerumani wanaliita Vorsetzer. Ni adimu, ni zito, na bei yake itamfanya hata tajiri wako anyamaze kidogo. Lakini likipatikana zuri, hakuna kinachokaribia.

Kulijaribu kuna namna yake. Usiridhike na wimbo wa kishindo. Mashine yoyote yenye mota inaweza kugonga kwa nguvu. Omba roli ya taratibu, ya sauti ya chini kabisa. Kama kuna hewa inavuja au ngozi imekauka, noti za chini zinaanza kukosekana: nyundo inainuka nusu, haifiki kwenye waya. Kisha omba noti moja irudiwe haraka haraka. Ikikwamakwama, hapo kuna mazungumzo ya bei. Na uliza upana wa roli: za kwanza za Welte, zinazoitwa nyekundu, ni inchi 12 na 7/8, si sawa na za Pianola wala na za Welte za baadaye.

Mtaletewa pia mifumo mingine ya namna hiyo: Duo-Art, ambayo ilifika kwenye piano mnamo 1913 hivi, na Ampico, ambayo ndiyo mpiga piano Rachmaninoff aliyoirekodia kuanzia 1919. Ni mashine nzuri mno, za Ampico hasa. Kama tajiri angesema kipindi chake ni miaka ya 1920 ningekushauri Ampico bila kusita. Amesema kabla ya vita, basi ashike neno lake.

Kabla hujaagiza kitu kutoka Ulaya, funua kifuniko cha funguo uangalie weupe wake. Funguo za pembe za ndovu za Marekani kwa kawaida zina vipande viwili kila moja, kichwa kipana na mkia mwembamba, na ukiinamia kwenye mwanga utaona mstari mwembamba kama unywele pale vilipoungana. Seluloidi na plastiki huwa kipande kimoja. Marekani imefunga uingizaji wa kibiashara wa pembe za ndovu wa Afrika, ukale wa kitu haukusaidii hapo, na forodha hawana mzaha. Ndani ya nchi kuna msamaha kwa vitu vya zaidi ya miaka 100, lakini sheria za majimbo hutofautiana, kwa hiyo mwanasheria aulizwe kabla ya malipo. Steinway yenu imekwisha kuwamo nyumbani, haina tatizo ilimradi haiuzwi.

Na hapo, dada, sisi tumo. Sehemu kubwa ya pembe zilizovishwa piano za Marekani ilikatwa kwenye miji miwili midogo ya Connecticut, Deep River na Ivoryton, mwendo wa saa chache kutoka hapo ulipo. Kampuni mbili, Pratt, Read & Co. na Comstock, Cheney & Co., zilizianika kwenye mabanda ya vioo juani hadi ziwe nyeupe. Pembe zenyewe zilitoka Unguja. Zilishuka kutoka bara mabegani mwa wapagazi na watumwa hadi Bagamoyo, zikavuka, wakanunua Wamarekani waliokuwa na mawakala wao pale pale mjini. Mgeni akimsifu tajiri kwa piano yake, wewe unajua zaidi yao wote kilichomo chini ya vidole vyao. Kama mtaandika kibao cha maelezo sebuleni, liandikwe na hilo.

Kwa ukumbi wa mbele, pale alipotaka kuweka mashine ya baa, wekeni kisanduku cha muziki cha sahani. Regina, waliokuwa New Jersey, walitengeneza vingi tangu miaka ya 1890: sahani ya chuma yenye vimeno inazunguka, vimeno vinasukuma vijigurudumu vya umbo la nyota, navyo vinakwangua kitana cha chuma ambacho kila jino lake lina noti yake. Sahani za inchi 15 na nusu ndizo nyingi zaidi sokoni, kwa hiyo nyimbo hamtakosa. Kuna na za kusimama kama kabati zinazobadili sahani 12 zenyewe. Hiyo ingependeza sana chini ya ngazi, na sauti yake inapokea wageni bila kuwafokea. Visanduku vya Uswisi vya silinda ni vya zamani zaidi na vinavutia, ila onyo moja: visisafirishwe vikiwa vimejazwa ufunguo katikati ya wimbo. Breki ikiachia, silinda inazunguka kwa kasi isiyozuilika, na ndani ya sekunde chache pini na meno vinakatika kama mahindi yanayopukuchuliwa. Nimeletewa kisanduku cha namna hiyo kikiwa kwenye blanketi, mwenyewe hajui kilichotokea. Kilikuwa kizima asubuhi ile.

Gramafoni iwepo, lakini iwe ya kufichwa. Kampuni ya Victor ilitoa gramafoni yake ya Victrola 1906, mwaka wa jumba lenu, kwa dola 200, pembe la sauti likiwa limefungiwa ndani ya kabati lenye milango. Kwa nyumba kama hiyo ndiyo hasa. Santuri za mwimbaji wa opera Caruso na sindano za chuma za kutosha, kila upande sindano mpya.

Karamu sasa. Roli moja inapiga dakika chache tu. Karamu ya muda wa saa nne itahitaji mtu wa kusimama pale anabadili, na mtu huyo asiwe wewe, una kazi nyingine. Kuna vali ndogo za umeme zinazounganishwa kwenye mirija na kusomesha mashine kutoka kwenye faili za roli zilizoskaniwa. Ukizitoa, mashine inabaki ilivyokuwa. Sina kinyongo nazo kwa muziki wa nyuma ya maongezi. Chuo Kikuu cha Stanford kina mradi mkubwa wa kuskani roli, anzieni huko. Kuhusu haki, muziki wa kipindi chenu uliochapishwa Marekani hauna tena mwenyewe, mpige na mrekodi mtakavyo. Zamani ilikuwa vita: mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba roli si nakala ya muziki, watunzi wakakosa chao, hadi sheria ya 1909 ilipowapa senti 2 kwa kila roli.

Lakini kucheza dansi, ajirini watu. Matajiri wa wakati ule hawakuchezeshwa na mashine. Waliokuwa wakichezesha karamu kubwa za New York kabla ya vita, wakati tango na foksitroti zinaingia, walikuwa wanamuziki Weusi wa kiongozi wa bendi James Reese Europe, aliyepeleka okestra yake ya Clef Club kwenye ukumbi wa Carnegie Hall mwaka 1912 na kurekodi kwa Victor mwishoni mwa 1913. Kuna bendi leo zinazopiga nota zile zile. Kwa tajiri anayetaka usahihi, hiyo ni sahihi kuliko mashine yoyote.

Kitu kimoja cha nyumba yenyewe. Majumba ya Berkshire yalikuwa ya msimu. Familia zilikuja vuli, wiki chache, kisha zikarudi mjini na nyumba ikafungwa. Ninyi mtakaa humo majira yote ya baridi na joto limewashwa. Hewa itakauka, ubao wa sauti utapasuka, ngozi itakakamaa. Kiangazi unyevu utarudi, karatasi za roli zitavimba na matundu hayataangukia mahali pake. Wekeni mtambo wa kuweka unyevu kati ya asilimia 40 na 50 kabla ya kuleta chombo hata kimoja. Na kwenye bajeti andika mshahara wa fundi wa kila mwaka kama unavyoandika wa mtunza bustani. Tajiri akilikataa hilo, mnunulie Pianola na Victrola, yaishe.

Ama taarabu: Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, kwa hiyo kwa jumba la kabla ya vita hayumo. Zaidi ya hapo, mkono wa Victrola ni mzito na santuri za Siti ni adimu. Kila mara ukiipiga unaifuta kidogo. Msikilize kwenye simu, jikoni, mlango umefungwa na tajiri yuko New York.